Katibu na Msimu Wake Mmoja

Katika watu wote niliowahi kuwasikia wakibishana mpira, na mie nimekaa barazani na watu wa kila namna, Wete, Chake, Unguja, mpaka Dubai nilipokwenda mara ya kwanza kutafuta mashine ya matofali, sijamwona aliyeshinda ubishi kwa kunyamaza isipokuwa Katibu. Watu wakichachamaa pale kibarazani kwa Fundi wa cherehani, mtaani kwetu Jadida, wanapandishiana sauti mpaka wanawake wanachungulia madirishani, yeye ameinama anachokonoa ukucha wa dole gumba kwa njiti ya kiberiti. Watasema weee. Wakichoka, anainua kichwa.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Katibu."

Basi atatoa neno moja, au mawili akiwa na furaha, na hilo ndilo utakalolisikia asubuhi yake sokoni kwa wauza samaki, kila mmoja analisema kama yeye ndiye aliyelifikiri.

Alikuwa katibu wa timu yetu ya mtaa. Mwenyekiti alikuwako, sikatai, lakini mwenyekiti wetu alikuwa kama saa ya msikitini iliyokwisha betri: ipo ukutani na hakuna anayeitazama. Timu ilikuwa Katibu. Jezi zikikaa kwake, mipira ikikaa kwake, ugomvi wa wachezaji ukiishia kwake. Jina lake sitaliandika. Wa umri wangu pale Wete wanamjua, na wasiomjua hawatapata faida yoyote kwa kulijua.

Naandika juu yake kwa sababu alinisaliti, na sijapata kusalitiwa namna ile tena, ingawa nimefanya biashara na watu wengi na wengine walikuwa wezi wa kusomea. Lakini nikiusema usaliti wake peke yake, nikauacha uzuri wake, hamtajua uliniuma wapi. Adui hakusaliti. Adui anakupiga tu, ukaondoka zako ukijua umepigwa na nani.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba Katibu hakuwahi kucheza mpira. Mpira ukitoka nje ukamwendea alipokaa, ataipandisha kanzu mpaka magotini na kuuruka kama aliyeona nyoka. Penalti hakuzitazama. Ikipigwa penalti, ya kwetu au ya wenzetu, anageuka anaupa uwanja mgongo, anaitazama mihogo ya watu, kisha anamuuliza aliye karibu, "Hali gani?" Siku moja muuza halua alimdanganya kwamba tumekosa, na kumbe tumefunga. Katibu alirudi nyumbani kwa huzuni yake, akalala na njaa. Asubuhi alipopata ukweli hakugombana. Alikwenda kwa muuza halua, akanunua kipande, akakila chote mbele yake pole pole, akasema, "Hii ya jana."

Lakini akiuona mchezo, aliuona. Alikuwa na daftari la skuli, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake hakuandika magoli. Alisema magoli yanakumbukwa na kila mjinga. Yeye aliandika pasi zilizopotea. Nani kapoteza, wapi, na kwa nini. Alikuwa na neno lake: "Mfungaji humjui mpaka umjue aliyempa." Na kwa sababu hiyo macho yake siku zote yalikuwa kwa namba kumi, yule anayekaa katikati, mpira ukitoka nyuma unamjia yeye, na yeye ndiye anayeamua nani ale na nani alale na njaa. Namba kumi wa timu yetu miaka ile nilikuwa mie.

Niseme kweli, nilikuwa hodari. Sisemi kwa kujisifu. Au nasema kwa kujisifu, na nina haki. Nilikuwa napokea mpira na mgongo wangu umemwelekea adui, na kabla haujafika mguuni nishajua unakwenda wapi. Sikufundishwa na mtu. Skuli niliacha darasa la tano, baba alipofariki, nikawa nachukua samaki Kiuyu kwa baiskeli nawaleta Wete, na jioni nacheza. Leo ukipita Wete, nyumba nyingi mpya unazoziona zimesimama juu ya matofali yangu na zimefunikwa na mabati yangu, na hakuna mjomba aliyenipa mtaji wala chama kilichonipa tenda. Lakini siku zile nilikuwa sina kitu ila baiskeli na miguu miwili, na kusoma nilikuwa nimeshakusahau.

Katibu ndiye aliyenirudishia. Hakuniambia "nitakufundisha kusoma." Angejua ningekimbia. Alinipa lile daftari lake baada ya mechi na kuniambia, "Tafuta jina lako." Nikilipata, ananiambia nitafute lililoandikwa mbele yake. Nikishindwa, haniambii, ananiacha nalo mpaka kesho. Neno refu la kwanza nililolisoma peke yangu baada ya kuacha skuli lilikuwa "ujeuri", na lilikuwa linanisema mimi. "Namba kumi kapoteza nne. Moja kwa ujeuri." Nililisoma kwa sauti pale kibarazani, nikikata silabi kama mtu anayekata muwa kwa meno, na Fundi akasimamisha cherehani yake akacheka mpaka akashika ubavu. Katibu hakucheka. Alisema, "Umeona? Ungekuwa hujui kusoma, usingejua unavyosemwa."

Haya ninayoyaandika nayaandika kwa mkono wangu, sikumwajiri mtu. Mkono huo aliufungua yeye.

Sasa niwaambie ubishi wenyewe ulivyokuwa. Wakati wa karafuu mpira ulikuwa unasimama, maana nusu ya wachezaji tuko juu ya mikarafuu na nusu ya viwanja vimetandikwa majamvi ya kuanikia. Hapo mashabiki hawana mechi ya kutazama, basi wanacheza ya mdomo: msimu ujao. Nani atabaki, nani ataondoka, nani kaota kitambi. Na mwaka ule, tulipokosa kupanda daraja kwa mechi ya mwisho, ubishi wote ulikuwa juu yangu.

"Mwakani tunapanda," alisema muuza halua.

"Kwa nani?" Fundi alimuuliza, macho yako kwenye sindano.

"Kwa huyu hapa." Akaninyooshea kidole kama sipo.

"Huyu? Huyu akipewa mpira anaangalia kwanza nani anamtazama."

"Anaangalia nafasi, yakhe."

"Anaangalia wasichana wanaotoka chuoni. Na mguu wa kushoto anao wa kupandia baiskeli tu."

"Fundi, suruali yangu ya Idd umenishonea mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, leo wamsema mwenzio mguu wa kushoto?"

"Suruali ilikuwa sawa. Weye ndiye usiyekuwa sawa."

"Kijana ana miaka kumi na tisa," muuza halua alisema. "Mpe mwaka. Mpe mwaka mmoja tu uone."

"Nishampa miwili. Anacheza nusu ya kwanza kama malaika, ya pili anatembea kama anatafuta sarafu iliyomwanguka."

Mie nimekaa pale pale, natafuna ulimi. Siku zile kijana hajijibii barazani wakubwa wakimjadili. Katibu alichokonoa ukucha wake mpaka wakachoka.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Pumzi ni kazi yangu, nitampa. Jicho kapewa na Mungu. Msimu ujao huyu ndiye atakayetupandisha, na asipotupandisha huyu, mie daftari naliweka chini."

Nililala na maneno hayo kama mtu anayelala na nguo mpya.

Na hakusema tu. Kesho yake alikuja mpaka shambani nilikokuwa nachuma, akasimama chini ya mkarafuu na kanzu yake nyeupe.

"Shuka. Tawi hilo limeoza."

"Halijaoza, Katibu. Nina pishi zangu za kutimiza."

"Shuka nakwambia. Pishi zitachumwa na wenye miguu ya kawaida."

Nikashuka. Akanipokonya pakacha, akanituma uwanjani nikakimbie, na yeye akabaki pale kutwa nzima akichuma matawi ya chini ambayo mkono unafika, mtu mzima yule, mpaka pishi zangu zikatimia. Kanzu yake haikuwa nyeupe tena. Baba yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, sikumbuki kunifanyia kitu kama hicho.

Kibarazani pale alikuwa na sheria moja. Miaka ile ndiyo vyama vingi vimeingia, na nyinyi mliokuwa wadogo hamwezi kujua mtaa ulivyokuwa. Kulikuwa na baraza ya hawa na baraza ya wale. Mtu anapita duka la jirani yake, anakwenda mtaa wa tatu kununua kiberiti, kwa sababu jirani si wa upande wake. Ndugu wa tumbo moja hawaamkiani. Kwa Fundi ndipo palipobaki mahali pekee nilipopajua watu wa pande mbili wanakaa ubavu kwa ubavu, na ni kwa sababu ya Katibu: atakayetaja chama, kwa jina au kwa fumbo, atanunua kahawa ya wote na hatakunywa. Watu wazima wenye ndevu niliwaona wakiuma maneno katikati. Yeye mwenyewe ni wa upande gani, sikujua. Mpaka leo sijui.

Sasa nakuja penyewe.

Kwetu mtu akitaka kumwozesha mwanawe hatoki tu akaenda kuposa. Anatuma mtu mzima akaulizie mtaani kwanza. Anakaa, anakunywa kahawa, anauliza habari za nyumba ile kwa mtu mmoja anayeaminika. Na yule akisema "nyumba nzuri," posa inakwenda. Akisema "nyumba nzuri, lakini," hata kabla hajamaliza, posa imekwisha, wala mwenye nyumba hatajua kilichosemwa. Timu za Unguja zilikuwa zikichukua wachezaji Pemba kwa njia hiyo hiyo. Hazikuja na mikataba. Zilikuja na mtu mzima.

Alikuja mmoja kabla msimu haujaanza. Mpole, kofia ya kiua, mwavuli. Alikuwa wa timu ya kazi, timu ya ofisi moja ya serikali: ukichukuliwa unacheza, na ukicheza unaajiriwa, una mshahara na una chumba. Alinitazama katika mechi ya kirafiki na watu wa Kiuyu, na siku hiyo, wallahi, hata Fundi alinyamaza. Baada ya mechi mjumbe yule alinishika bega. Akasema, "Nimekuona. Barua itakuja kwa meli."

Mama alianza kunishonea mto wa kwenda nao Unguja. Nilikwenda bandarini meli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baiskeli nilikuwa nishaahidi kumwachia mdogo wangu. Badala ya barua yakaja maneno, kwa mdomo wa baharia mmoja jamaa yetu: nafasi kapewa mtu mwengine, kwa sababu wameambiwa mie kijana wa siasa.

Ilikuwa uongo. Nilikwenda mikutano, nani hakwenda? Nilikwenda ya pande zote mbili, palipokuwa na ngoma. Lakini neno hilo likishakushika siku zile, kwa ofisi ya serikali umekwisha. Hata kujitetea ilikuwa dalili.

Nani kasema? Pale kibarazani hakuna aliyefikiri mara mbili, wala mie. Sheha. Yeye ndiye mtu wa serikali wa mtaa, barua zote za utambulisho zinapita kwake, na miaka ile kila aliyekosa kazi, kila aliyekosa safari, alisema ni sheha. Sheha wetu alikuwa mtu mkimya, mrefu, anatembea kainama kidogo. Niliacha kumwamkia. Si mie tu; lakini mie ndiye niliyekuwa na sababu, na watu walinitazama mie. Akipita, vijana wananiangalia usoni. Nikigeuza uso, wote wanageuza.

Katibu alinituliza siku zile kuliko mama yangu. Alinijia nyumbani kila siku baada ya Alasiri. Alisema, "Mwanangu, riziki haipiti mlango wako. Cheza msimu huu uwaoneshe." Nililia mbele yake, na mie si mtu wa kulia. Alinipa leso yake.

Kisha mke wa sheha akafariki.

Kwetu jeneza halibebwi na watu wanne. Linapita juu ya mabega, wanaume wanagombania kulitia bega, hatua tano unampa mwenzio, kila mtu anataka thawabu yake. Jeneza la mke wa sheha lilitoka nyumbani na watu saba, na wanne kati yao ni ndugu zake waliokuja kutoka mbali. Mtaa mzima tumesimama milangoni. Mie nilisimama kwangu nimekunja mikono kifuani. Lilipita mbele yangu, sheha yuko mbele, kabeba yeye mwenyewe mkewe, na jasho linamtoka mpaka kwenye ndevu. Aliniangalia. Sikuikunjua mikono.

Katika wale saba mmoja alikuwa Katibu. Kutoka baraza yetu, ni yeye peke yake. Alibeba kutoka nyumbani mpaka kaburini bila ya kubadilishwa, kwa sababu hakukuwa na wa kumbadilisha.

Tulimngoja kibarazani tukiwa na hasira.

"Katibu, hata weye?" Fundi alimwambia. "Na baada ya alivyomfanyia kijana wako?"

"Maiti hana chama," alisema. Kisha akaikumbuka sheria yake. Akamwita muuza kahawa, akatununulia wote, na yeye hakunywa.

Tulicheka. Hasira ikatutoka. Nilisema moyoni, huyu ni mtu. Na kwa miaka mingi, nikitaka kuwapa wanangu mfano wa mtu mwenye dini, niliwahadithia siku ile. Wanangu wanaijua kadhia hiyo kwa moyo. Hilo nalo alilichukua.

Msimu ukaanza. Nilicheza kwa uchungu, na uchungu ukicheza mpira unacheza vizuri. Tulicheza mechi nne, tukashinda zote nne. Kisha zikaja siku za uchaguzi, na yale tuliyoyazuia kibarazani yakaingilia mlango wa nyuma. Golikipa wetu na beki wetu wa kati, wanaosali safu moja, walipigana mazoezini kwa neno alilosema baba wa mmoja wao. Wiki ile wachezaji sita hawakuja. Wiki ya pili yake timu ikawa mbili, moja ya upande huu na moja ya upande ule, na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Katibu alizikusanya jezi. Jirani yake alimwona asubuhi anazifua zote, hata ambazo hazikuvaliwa, anazianika, anazikunja, anazirudisha mkobani. Baada ya hapo kila mtu akaenda na maisha yake.

Mie yangu mnayajua. Samaki, kisha chumvi, kisha saruji mifuko mitano kwa mkopo wa Mhindi aliyeniamini, kisha lori la kwanza. Nimejenga. Nimekwenda kuhiji na nimempeleka mama. Katibu alihamia Makangale kwa binti yake, na kila Idd nilimpelekea mchele na nyama, bila ya kukosa. Sheha naye alizeeka pale pale mtaani. Nilipita mbele ya mlango wake kwa miguu, kisha kwa pikipiki, kisha kwa gari, na salamu sikumpa. Siku aliyokufa nilikuwa ghalani. Nilimsikia mwadhini akitangaza jina lake, nikamwambia kuli aendelee kupakia mabati.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Unguja kuchukua mzigo, na nje ya duka la jumla alikaa mzee na mwavuli. Mie sikumjua. Yeye alinijua.

"Weye si yule namba kumi wa Jadida?"

Nikamwambia nilikuwa, na yeye akanikumbusha kwamba ndiye yule mjumbe aliyenishika bega. Tukakaa, nikamwagizia chai na mkate wa ufuta, nikamweleza nilivyofika, na lori zangu nikamwonesha kwa kidole, maana nilitaka aone alichokiacha. Alifurahi kwelikweli. Akasema, "Nilisikitika sana mwaka ule. Sheha wenu alikusifu, mpaka barua nzuri kaniandikia. Lakini yule mzee wenu wa daftari ndiye niliyekuwa nikimwamini, na akaniambia, kijana mzuri, lakini tabu yake siasa. Basi. Ningefanya nini?"

Chai yangu sikuimaliza. Nililipa yote nikamwacha pale, nikaenda kukaa garini, na dereva akaniuliza kama naumwa.

Sikwenda Makangale siku ile wala mwezi ule. Nilikwenda baada ya kuona nikikaa nayo zaidi itanitoka kwa mtu asiyehusika. Njia ya kule ni nzuri siku hizi, inapita karibu na msitu, na nilikuwa nimepanga maneno yangu kama mtu aliyepanga matofali. Nilimkuta kakaa kitanda cha kamba, mwepesi kama kapu tupu, redio ubavuni. Macho hayaoni vizuri lakini sauti aliijua.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Nambie, mwaka huu pale Wete namba kumi nani?"

Nikamtajia.

"Yule mfupi? Bado. Anakimbia na mpira badala ya kuuacha mpira ukimbie. Mpe mwaka."

"Katibu," nikamwambia, "nimekutana na yule mjumbe wa Unguja."

Hakuuliza mjumbe gani. Aliizima redio.

"Yu hai?"

"Yu hai. Kanieleza."

Nje binti yake alikuwa anatwanga. Nilingoja akatae, nilikuwa na majibu ya kila namna ya kukataa.

"Nilimwambia mie," alisema. "Ningesema mguu mbovu, kakuona kwa macho yake. Ningesema mlevi, hakuna ambaye angeamini. Siku zile neno lile ndilo pekee lisilotaka shahidi."

"Kwa nini?"

"Nilikutaka msimu mmoja. Mmoja tu. Tupande. Kisha ningekupeleka Unguja mie mwenyewe, nkakukabidhi kwa mkono wangu."

"Tulicheza mechi nne, Katibu."

"Nne," alisema. "Na ya nne ulipoteza pasi mbili tu." Na Mungu ananisikia, alitabasamu, kama mtu anayemkumbuka mwanawe alipoanza kutembea.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakaanguka. Nikashika lile moja lililobaki.

"Na sheha je? Tulimtenga mtu. Mkewe nilimwangalia akipita nimekunja mikono. Weye ulikuwa unajua."

"Sheha nilimwambia."

"Lini?"

"Siku ile ile. Watu washaondoka kaburini, tumebaki mie na yeye. Nkamweleza, nkamtaka radhi."

"Akasemaje?"

"Kanipa. Kasema aliyembebea mkewe hawezi kumnyima."

Nilimtazama. Nikafahamu kwamba tokea siku ile yeye alikuwa mwepesi. Alikuja kibarazani akatununulia kahawa, keshasamehewa. Na mie nikabaki njia nzima ya umri wangu nampita yule mtu kama gogo, na yule mtu anajua sikosi kwa ubaya bali kwa ujinga, na hakusema, na huyu hakusema.

"Mie kwa nini hukuniambia? Hata sheha alipokuwa anaumwa, ungeniambia. Ningekwenda."

"Ningekwambia, ungeacha kuja kwangu."

Alilisema hivyo tu, kama jambo lililo wazi. Msimu mmoja ulikuwa haukumtosha. Alikuwa amenichukua na misimu yote iliyofuata.

Kisha akanyoosha mkono. "Nshazeeka, mwanangu. Siku zangu wazijua. Nipe radhi yangu niondoke nayo."

Nilikuwa nishaamua. Nilitaka kumwambia, nitafutie wa kunipa mie radhi ya sheha kwanza. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikainuka, na mkono wake upo mbele yangu, mkavu, umenyooka, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikauchukua nikauinamia nikaubusu, kama nilivyolelewa kuwabusu wazee wote, kama ningembusu mzee yeyote nikiaga nyumbani kwake. Niliuona uso wake ukilegea.

"Alhamdulillahi," alisema. Akauachia mkono wangu, akajilaza.

Nilisimama pale mlangoni na viatu mkononi. Binti yake aliacha kutwanga akaniuliza kama nitakunywa japo maji. Nikamwambia nina mzigo bandarini. Njia nzima mpaka Jadida nilikuwa nikilipanga upya: nitarudi Ijumaa, nimwamshe, nimwambie wazi wazi kwamba sikumpa, kwamba ile ilikuwa adabu tu. Ijumaa ile nilikuwa na kazi. Ya pili yake pia.

Alhamisi iliyofuata binti yake alipiga simu kuniarifu kwamba mazishi ni baada ya Adhuhuri, na kwamba babake ameondoka na moyo mweupe, kwa sababu yangu. Nilikuwa bado sijarudi.